Tunaanza gofu kwenye kiwanja kifupi cha brauni, Nala: tubebe fimbo zipi na tuchezeje?

Mgeni wa Nala

Mbukwenyi wakuu,

Kuna ndugu yetu ametenga kipande cha shamba lake upande wa Nala, hapa Dodoma, akachimba mashimo 6 ya gofu, yote par 3, yaani mtu anayeujua mchezo anatakiwa amalize kila moja kwa mikwaju mitatu. Kwa mita yako hivi: 62, 48, 95, 74, 110 na 125. Nyasi za kumwagiliwa hakuna. Ni ardhi yetu ile nyekundu iliyokaushwa na jua, vichaka vya migunga pembeni, na badala ya grini za nyasi kuna brauni, duara la mchanga linalozunguka shimo, lenye kipenyo cha mita 10. Shimo la nne linavuka korongo. La tano na la sita yanaelekea mashariki, kwa hiyo upepo wote unakuja usoni.

Tutaanza mimi, mke wangu na kijana wetu wa miaka 11. Gofu tunaijua kwa kuiona kwenye runinga tu. Muuza mitumba ana seti kamili, fimbo 13 na begi, anasema bila hizo hatuchezi. Ni kweli? Na kwenye ardhi ngumu hivi mpira unapigwaje bila kuumiza mikono? Tena, mpira ukiingia korongoni, kwenye miiba au kwenye kichuguu tunahesabuje? La mwisho, alama za kiwanja kama hiki zinaweza kunipatia hendikapu, ile namba rasmi ya kiwango cha mchezaji?

Kedi Mstaafu

Mkuu, karibu. Huyo muuzaji anafanya biashara yake. Kanuni zinasema fimbo zisizidi 14, hazisemi zisipungue ngapi. Kwenye kiwanja ambacho shimo refu ni mita 125, draiva na zile mbao nyingine, yaani fimbo ndefu za kupigia mbali, zitakuwa mzigo wa kubeba tu. Chukua namba 5 (au haibridi ya kiwango hicho, ni rahisi zaidi kuipiga kuliko namba 5 ya chuma), namba 7, namba 9, pichi weji, sendi weji (weji ni fimbo fupi za kuinua mpira kwa karibu) na fimbo ya kusukumia mpira shimoni, ile wanayoiita pata. Sita. Akikataa kuvunja seti, mwachie.

Kwa makadirio ya kuanzia, mwanaume mzima anayejifunza huifikisha namba 7 kati ya mita 100 na 120 akiupata mpira vizuri, namba 9 kati ya 80 na 100, pichi weji 65 hadi 85. Mwanamke anayeanza, namba 7 mara nyingi ni mita 60 hadi 85. Usishike namba hizo kama sheria, pima zako mwenyewe: piga mipira kumi kwa fimbo moja, itupe ile miwili mizuri sana na ile mibovu yote, kisha hesabu hatua hadi pale rundo lilipo. Umbali wako ni rundo, siyo mpira mmoja uliobahatika.

Utasikia pia watu wakisema Dodoma mpira unakwenda mbali kwa sababu tuko juu. Ni kweli, mji uko kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira unaongeza kama asilimia 4 angani ukilinganisha na Dar. Kwa shimo la mita 125 hiyo ni mita 5. Kwa anayeanza haina maana yoyote, maana ardhi kavu peke yake itakuongezea mita 15 au 20 za kubingirika. Hiyo ndiyo ya kuhesabu.

Sasa mkwaju wenyewe. Kwenye nyasi laini ukiigonga ardhi kidogo kabla ya mpira, fimbo inachimba, mpira unakwenda nusu ya safari, basi. Kwenye udongo uliokauka fimbo haichimbi. Inadunda, makali yake yanaukuta mpira kiunoni, unatimka chini kwa chini mpaka shamba la jirani, na mtikisiko wote unarudi kwenye viganja. Ndiyo maana watu wanaumia. Dawa yake ni kuugonga mpira kwanza, ardhi baadaye:

Simama mpira ukiwa katikati ya miguu au upana wa mpira mmoja nyuma ya katikati (nyuma ni upande wa mguu wa kulia kwa anayepiga kulia). Uzito zaidi ya nusu uwe mguu wa mbele tangu mwanzo, na ubaki huko. Mikono iwe mbele kidogo ya mpira. Rudisha fimbo hadi mkono wa kushoto ulingane na ardhi, usizidi hapo, halafu pita. Robo tatu ya nguvu inatosha.

Zoezi lake halihitaji mpira. Chora mstari kwenye vumbi, simama mstari ukiwa katikati ya miguu, pitisha fimbo taratibu. Alama ya fimbo kwenye udongo ianzie kwenye mstari au mbele yake kuelekea shabaha. Ikianzia nyuma ya mstari, uzito wako umebaki mguu wa nyuma. Udongo mwekundu unakuonyesha kila kitu, hapo mna bahati kuliko wenye nyasi.

Sendi weji iache begini ukiwa kwenye ardhi kavu. Chini yake ina kitako kinene, kwa kawaida nyuzi 10 hadi 14, kilichotengenezwa kiteleze kwenye mchanga laini bila kuzama. Kwenye udongo mgumu hicho kitako ndicho kinachodunda. Kazi yake utaiona korongoni, kwenye mchanga wa kweli.

Ukiwa mita 10 hadi 30 kutoka kwenye brauni, bingirisha. Chukua namba 8 au 9, miguu karibu karibu, mpira mbele ya kidole gumba cha mguu wa nyuma, mikono na mabega viende pamoja kama unasukuma, kifundo kisivunjike. Kuna hesabu ya zamani: toa namba ya fimbo kwenye 12, jibu ndiyo sehemu za kubingirika kwa kila sehemu moja ya hewani. Namba 9 ni moja kwa tatu, namba 8 moja kwa nne, pichi weji (ihesabu kama 10) moja kwa mbili.

Binti Mpwapwa

Naongezea ya mitumba, kwa sababu ndipo hela inapopotea.

Shika kichwa cha fimbo kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, jaribu kuvizungusha kinyume. Kikicheza hata kidogo, gundi imekufa na siku moja kichwa kitaruka. Angalia pale chuma cha mpini kinapoingia kichwani: kutu ya juu juu inafutika, kutu iliyokula mashimo inamaanisha mpini utavunjika hapo. Mpini wa grafaiti upitishe kucha kuanzia juu hadi chini, ikikwama kwenye ufa, acha. Mpira wa kushikia ukiwa umekauka na kung'aa, uoshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni na brashi. Ukiendelea kuteleza baada ya kukauka, weka gharama ya kubadilisha kwenye bei. Mikwaruzo usoni haina shida, ila mifereji ikiwa imesawazika kabisa kwenye weji, mpira hautashika. Na hakikisha fimbo si za mashoto! Kwenye marundo ya mitumba zinachanganywa.

Dada yetu (mke wa mleta mada) asipewe fimbo za mumewe zile za chuma kizito akaambiwa azoee. Mpini mgumu unataka kasi, asiye na kasi mpira wake hauinuki. Mumewe amtafutie zenye mpini wa grafaiti na mlalo mkubwa, yaani uso ulioegemea nyuma zaidi: namba 7, namba 9 na weji moja zinamtosha kabisa. Shimo la 125 asilichukulie kama la mkwaju mmoja. Ajipangie miwili ya namba 7 halafu brauni.

Kijana wa miaka 11 ni kesi nyingine. Watu wanakata fimbo ya mkubwa kwa msumeno wakidhani wamemaliza. Ukikata, mpini unakuwa mgumu zaidi, na kichwa bado ni kizito kwa mikono ile. Mtoto anaanza kuinua fimbo kwa mgongo. Tafuta ya watoto, hata moja tu ya namba 7 na ya kusukumia. Ikikosekana kabisa, achukue namba 9 ya mama yake ashike chini zaidi kwenye mpini, kama vidole vitatu hivi, asizidi hapo. Na aanzie mahali pake, si penu. Weka mawe mawili mita 40 au 50 kutoka kila brauni, hapo ndipo tii yake.

Mchanga Mtupu

Kedi ameeleza vizuri ila kwenye kubingirisha napinga. Hesabu ya 12 ni ya grini za nyasi. Brauni haifanyi hivyo.

Mpira ukitua kwenye udongo wenu unaruka, ukitua kwenye brauni unakufa. Kati ya hivyo viwili kuna ukingo, na kwenye brauni nyingi ukingo umeinuka kwa sababu kila anayesawazisha mchanga anausukuma pembeni. Mpira unaobingirika ukifika pale unagota, au unaruka juu ya ukingo na kupita upande wa pili. Kwa hiyo ukiwa mita 20, tumia namba 9 au pichi weji, lenga utue NDANI ya mchanga, mita mbili tatu kabla ya shimo. Utasogea kidogo na kusimama. Brauni ndiyo inakufanyia kazi ya breki, huhitaji ufundi wa kuurudisha mpira nyuma.

Kwenye kusukuma pia kuna tofauti:

Usiweke fimbo kwa kuikandamiza nyuma ya mpira. Unatengeneza kigongo cha mchanga, na mkwaju unaanza kwa kuruka. Iinue kidogo.

Sukuma kwa nguvu kuliko unavyoona kwenye runinga, na lenga moja kwa moja. Mchanga unapunguza mwendo kiasi kwamba mteremko mdogo hauugeuzi mpira sana.

Kabla ya kusukuma, viwanja vingi vya brauni vinaruhusu kusawazisha njia kati ya mpira wako na shimo kwa kipande cha bomba au gunia lililofungwa kwenye kijiti. Ni utaratibu wa kiwanja husika, kubalianeni mapema. Weka alama nyuma ya mpira, uinue, buruta mara moja, rudisha mpira. Msiburute mara tatu tatu, mtakesha. Alama iwe kitu kinachoonekana: shilingi hamsini inazama, kizibo cha soda kinafaa.

Mkimaliza shimo, wa mwisho anasawazisha brauni yote kwa kuzunguka. Mchanga unafuata gunia, kwa hiyo leo zungukeni kutoka shimoni kwenda nje, kesho kutoka nje kuja shimoni. Mkienda nje tu siku zote katikati patakuwa bakuli na ukingo utapanda, na tatizo la juu litazidi.

Muulize pia ndugu yenu ametumia nini kwenye shimo lenyewe. Kipenyo rasmi ni milimita 108 na kina kisipungue 101.6. Bomba la plastiki la nchi 4, lile la milimita 110 kwa nje, ndani linabaki na kama 103 au 104, linatosha kwa mazoezi. Kosa kubwa ninaloliona ni bendera. Mpira una kipenyo cha milimita 42.67 kwa uchache. Ukisimamisha bomba la chuma la milimita 25 katikati ya shimo hilo, kila upande unabaki na 39, mpira haushuki! Nondo ya milimita 12 inaacha 45 na ushee, unashuka. Ila isimame wima. Ikiinama upande wenu, mpira unakwama. Tangu 2019 unaruhusiwa kuiacha bendera ndani unaposukuma, kwa hiyo hili si jambo dogo.

Kedi Mstaafu

Mchanga Mtupu, kwa brauni yenye ukingo nakubali, hesabu ya 12 haifiki. Lakini huyu ni mtu wa siku ya kwanza. Kumwambia atue ndani ya duara la mita 10 akiwa mita 25, kwenye udongo mgumu, kwa weji, ni kumwita aupige mpira kiunoni. Atavuka brauni kwa mita 40. Mbingirisho mbaya unaishia mita 5 kutoka ulipokusudiwa. Weji mbaya inaishia kwa jirani.

Njia rahisi ni mwenye shamba achukue jembe apunguze ukingo upande wa mbele, upana wa mita mbili tu, ulingane na ardhi. Hapo ndipo mlango wa kubingirisha. Ukingo wa nyuma auache, utawasaidia kuzuia.

Mchanga Mtupu

Hilo la mlango nalichukua. Ila ndani ya mita 10 bado nasema inueni kidogo.

Refa wa Kijiwe

Nijibu ya kuhesabu. Nyie ni watatu wa familia, hakuna kombe, lakini zoeeni kanuni sahihi tangu mwanzo kwa sababu nyingi zipo upande wenu.

Korongo. Mwenye shamba alitie vigingi vyekundu, liwe eneo la adhabu. Mpira ukiingia una hiari ya kuupiga ulipo bila adhabu, na siku hizi unaruhusiwa kugusa mchanga kwa fimbo na kuondoa vijiti na mawe humo. Usipotaka, ongeza mkwaju 1 kisha chagua: rudia pale ulipopigia, au chora mstari kutoka kwenye bendera kupitia pale mpira ulipoukatia mpaka wa korongo, urudi nyuma kwenye mstari huo umbali wowote, au, kwa vigingi vyekundu, pima urefu wa fimbo mbili kutoka pale ulipoukatia mpaka, usisogelee shimo. Kwa kupima tumia fimbo yako ndefu kuliko zote isipokuwa ya kusukumia. Mpira unadondoshwa kutoka usawa wa goti. Siyo begani, hiyo ilikuwa zamani.

Kwenye shimo lenu la nne, angalieni jambo moja. Kama korongo linapita mbele ya tii moja kwa moja, kipimo cha fimbo mbili mara nyingi kitakuangusha upande uleule wa tii, yaani bado una korongo la kuvuka. Wengi wanadanganyana hapo wakidondosha ng'ambo. Kama mnataka kuwaonea huruma wanaoanza, mwenye shamba aweke duara la kudondoshea ng'ambo ya pili, kanuni zinamruhusu.

Miiba. Mpira ukiwa chini ya mgunga, wewe mwenyewe ndiye unayeamua kuwa hauchezeki, hakuna wa kumwomba ruhusa. Mkwaju 1, fimbo mbili kutoka ulipo, usisogelee shimo. Kama fimbo mbili hazikutoi kwenye miiba, tumia mstari wa kurudi nyuma.

Kichuguu. Hapa wengi wanakosea. Shimo la panya au la mnyama mwingine aliyechimba linakupa nafuu ya bure, yaani unahamisha mpira bila adhabu. Wadudu hawamo kwenye tafsiri hiyo, kwa hiyo kichuguu cha mchwa kilichokauka hakikupi kitu mpaka kiwanja chenu kitunge kanuni yake. Itungeni: kila kichuguu kihesabiwe ardhi inayotengenezwa, nafuu ya bure, fimbo moja. La sivyo mtoto atavunja namba 7 siku ya kwanza.

Kinyesi cha ng'ombe, mawe, majani: ondoeni, bure. Ila mpira ukisogea ukiwa unaondoa, nje ya brauni, ni mkwaju 1 na unaurudisha. Mbuzi au mbwa akiuchukua mpira, hakuna adhabu, unaweka mwingine pale ulipokuwa. Nyoka au nyuki karibu na mpira: Kanuni ya 16.2, unahama bure hadi sehemu salama ya karibu isiyosogelea shimo, na kutoka hapo una urefu wa fimbo moja. Msione aibu kuitumia hiyo.

Nje ya mpaka wa shamba: vigingi vyeupe. Unarudi ulipopigia, unaongeza mkwaju 1. Kama ulipigia kwenye tii, mkwaju unaofuata ni wa tatu. Ukihisi umetoka au umepotea, sema kwa sauti kwamba unapiga mpira wa akiba kabla hujaenda kutafuta. Kutafuta ni dakika 3, kisha umepotea.

Na wekeni kikomo. Kuna mtindo rasmi wa kucheza kwa kikomo cha mikwaju kwa kila shimo. Kwa par 3 wekeni 6. Ukifika 6 okota mpira, andika 6, twende. Mashimo 6 hayazidi 36 na hakuna anayesubiriwa. Kama kuna siku umeanza na jumla ya 30, uko sawa. Ukishuka 26, unaelewa mchezo.

Hendikapu: alama zinahesabika iwapo kiwanja kimepimwa rasmi na kupewa kiwango chake, na wewe ni mwanachama wa klabu inayotambuliwa na Chama cha Gofu Tanzania, TGU. Tangu 2024 mfumo wa dunia unakubali viwanja vifupi sana, mashimo 9 yenye jumla ya yadi 750, kama mita 686, au 18 yenye yadi 1,500. Chenu ni mashimo 6 na mita 514, hakifiki. Mkitaka hendikapu, Morogoro Gymkhana iko njiani kuelekea Dar, na inatakiwa alama za mashimo 54 kwa jumla, si lazima siku moja. Hendikapu ya juu kabisa ni 54.0, kwa hiyo hakuna mtu mbovu kiasi cha kukosa.

Mgeni wa Nala

Aisee, asanteni sana wakuu. Nimemwambia muuzaji fimbo sita, amenuna ila amekubali. Maswali mawili ya nyongeza. Tii za mbao, vile vijiti vya kuwekea mpira, zinavunjika kabla hazijaingia ardhini, mnafanyaje? Na mwenye shamba anasema atamwaga oili chafu ya magari kwenye brauni ili upepo usibebe mchanga, kwamba ndivyo wanavyofanya. Ni sawa?

Mchanga Mtupu

Ndivyo ilivyokuwa ikifanyika, na sehemu nyingine bado. Oili inashika chembe za mchanga, upepo hauzibebi, mvua haiziondoi. Lakini oili iliyotoka kwenye injini ina metali na masizi, inapakaa kwenye mipira, viatu na mikono ya mtoto, na ikishaingia ardhini haitoki. Mkoa wetu unakunywa maji ya visima, kuanzia Makutupora hadi cha jirani yenu hapo. Mkatalieni.

Upepo unaanza kubeba vumbi, siyo mchanga mzito. Kwa hiyo chekecheni mchanga wa mto, ule wa chembe kubwa kidogo, vumbi lote lipite kwenye chekeche lianguke chini. Unene sentimita 2 hadi 3 juu ya udongo ulioshindiliwa. Ukizidi hapo mpira unazama na kusukuma kunakuwa kulima. Kwa duara la mita 10 na unene wa sentimita 2.5 ni kama mita 2 za ujazo kwa kila brauni.

Maji: kulowesha duara lote kwa milimita moja ni lita 79 hivi, madumu manne. Mara sita, madumu 24, na bei ya maji mnaijua. Lowesheni mita 2 tu kuzunguka shimo, hapo lita 13 zinatosha, dumu moja linabaki na chenji. Fanyeni kabla ya kuanza, mchanga ukiwa na unyevu mpira unakwenda vizuri kuliko ukiwa mkavu kabisa.

Binti Mpwapwa

Tii: beba msumari wa nchi 4 na jiwe, toboa kwanza halafu chomeka. Au acha tii kabisa, finya mchanga wenye unyevu, tengeneza kichuguu kidogo cha sentimita moja, weka mpira juu. Kabla tii za mbao hazijaenea ndivyo wachezaji walivyofanya, na kanuni bado zinaruhusu. Kwa fimbo za chuma mpira usiinuke zaidi ya sentimita moja, ukiinuka sana unapita juu ya uso wa fimbo na kwenda hewani bila kufika.

Kwa mikwaju ya katikati, tafuteni kipande cha zulia la nyasi bandia, sentimita 30 kwa 30. Unaweka mpira juu yake, unapiga, unaondoka nacho. Coober Pedy kule Australia, mji wa jangwani wenye kiwanja kisicho na nyasi, wanacheza hivyo. Viganja vyenu vitashukuru, hasa vya mtoto.

Rangi ya mipira: machungwa inapotea kwenye udongo mwekundu, njano inapotea kwenye majani makavu ya kiangazi. Nyeupe, au kijani kikali. Nunueni ya bei ya chini, mawe yatakwangua yote sawa. Na kitoroli cha kuvuta begi kisiwe cha matairi ya upepo. Mbigili.

Refa wa Kijiwe

La usalama halijaguswa. Mashimo sita kwenye shamba moja maana yake tii ya mmoja iko jirani na brauni ya mwingine. Asipige mtu yeyote kama kuna aliye mbele yake, hata pembeni kidogo. Mpira wa anayeanza unatoka kwa pembe ya ajabu. Mtoto asimame nyuma ya mgongo wa anayepiga, hatua tano, asisimame upande ambao fimbo inarudi. Wachungaji wakikatisha na ng'ombe, subirini wapite wote. Mpira ukienda kwa mtu, pigeni kelele hapohapo, "Foo!", na jirani naye afundishwe maana yake.

Kedi Mstaafu

Kwa upepo wa shimo la tano na la sita: anzeni mapema, saa 12 na nusu asubuhi, mmalize kabla ya saa 3. Watatu mkifuata kikomo cha 6, mashimo sita hayachukui muda wa saa moja na nusu. Upepo ukishaamka, usiongeze nguvu. Ukipiga kwa nguvu mpira unazunguka zaidi, unapanda, unasimama hewani na kurudi. Ongeza fimbo: palipohitaji namba 7 chukua namba 5, shika chini kidogo, mpira nyuma kidogo ya katikati, malizia mikono ikiwa usawa wa kifua. La sita mchezeeni mbele ya brauni, mita 100 hivi, mbingirishe zilizobaki kupitia ule mlango.

Na kila mmoja aje na lita 2 za maji ya kunywa.